Alama ya Kujumlisha Kando ya Jina la Clovis

Siku Mzee Pontien alipomzalisha mpwa wake watoto kumi na mmoja kwa mkupuo, mbele ya waumini wote wa kapela ya Runingu, alikuwa amevaa suti yake ya kijivu, tai amefungiwa na mkewe, na viatu vinang'aa hata nzi angeteleza juu yake.

Nia yake ilikuwa njema. Kwanza, aliipenda kompyuta yake. Pontien Nsengiyumva alikuwa mpiga chapa ofisini pale Uvira karibu maisha yake yote, na alipostaafu hakutaka kukaa mlangoni kwake, mtaa wa Kilibula, akitazama pikipiki zinavyopita. Alijiandikisha masomo ya jioni kwa Olga, mwalimu wa kompyuta mwenye chumba chake karibu na soko, akaketi dawati la mbele kabisa kati ya vijana wa umri wa wajukuu zake. Walimwita Papa Klavye, yaani Baba Kibodi, kwa sababu alibonyeza herufi kwa nguvu ileile ya mashine ya chapa, mpaka meza ya jirani ikatikisika. Hakujali. Alimaliza masomo, akanunua kompyuta ya mkono wa pili, na wakuu wa kapela ya Runingu, kijiji alikozaliwa, walipotafuta mtu wa kuwapangia majina ya familia ili ijulikane mtoto gani aliyebatizwa anatoka nyumba gani, alikubali kabla hawajamaliza kueleza.

Pili, kulikuwa na Clovis.

Clovis Irankunda alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Pontien na mkewe Generose walimlea pamoja na watoto wao, akakua mpole, asiye na maneno mengi, fundi hodari wa injini za boti. Kazi ilimpeleka Kalundu, ikampeleka Baraka, na pengine hata ng'ambo ya ziwa, Rumonge. Sasa alitaka kumwoa Dorine, mwalimu wa shule ya msingi ya Runingu, na Dorine alimtaka. Kilichobaki ni neno la baba yake, Mzee Kizito, mkulima wa mpunga ambaye hakuwa na haraka na jambo lolote duniani isipokuwa kuanua mpunga wake mvua ikitishia. Kizito alikuwa amesema, "Nitawajibu," akaishia hapo. Pontien, aliyesimama mahali pa baba, aliona kwamba mkwe mtarajiwa akishuhudia elimu iliyoko katika ukoo wa kijana, jibu litakuja lenyewe, tena mbio.

Basi akaketi na kompyuta yake akatengeneza majedwali mawili. Moja, la wenye nyumba, aliliita Wakubwa, na humo akajiingiza yeye na Clovis kama wana wa kijiji; jingine, la watoto wao wa umri wowote, aliliita Watoto. Halafu akafanya lile jambo lililomfurahisha kuliko yote aliyojifunza kwa Olga: akafungua dirisha ambamo majedwali huonekana kama visanduku viwili vimekaa mbalimbali, akavuta mstari kutoka kisanduku kimoja hadi kingine, akaviunganisha. Aliporudi kwenye jedwali la Wakubwa, kando ya kila jina, mkono wa kushoto, palikuwa pameota alama ndogo ya kujumlisha. Ukiigusa, inageuka ya kutoa, na chini ya jina lile linafunguka jedwali dogo, limeingia ndani kidogo, lenye watoto wa mtu huyo peke yake. Ukigusa tena, watoto wanarudi ndani. Pontien aliita alama ile "mlango".

Alijaribu mlango wa Kizito kwanza, maana ndiye aliyetaka kumpendeza. Kizito akafunguka, na watoto wake wote wakateremka chini yake kwa utaratibu, Dorine akiwa wa kwanza.

"Mama Arakaza!" Pontien akamwita mkewe kwa jina la kifungua mimba wao, kama watu wote walivyomwita. "Kuja uone!"

Generose akaja kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Watoto wa Kizito. Nimeona. Na ugali je, mashine inasonga?"

Pontien hakujaribu mlango mwingine. Alifunga kompyuta kwa furaha, akaenda kutafuta wa kumkodisha projekta.

*

Jumapili ile, baada ya misa, akina mama walitundika vitenge madirishani ili kapela iwe na giza. Generose alikuwa amebaki Kilibula na kikohozi. Clovis alisimama nje na jenereta, mkono wake kwenye injini, kwa sababu jenereta ya kapela ilikuwa na tabia ya kuzimika asipokuwepo mtu wa kuishikilia waya wa mafuta. Ukuta mweupe nyuma ya altare ukawaka.

Pontien alifungua mlango wa Kizito. Watoto wakateremka. Watu wakapiga makofi, na Kizito, aliyekaa benchi la mbele na kofia yake magotini, akainua kidevu kidogo.

"Hata ule mutoto wa Bukavu iko," akasema.

"Wote wako, Mzee. Mashine haisahau muntu."

"Na mwenye hajazaa? Mashine inamwandika nini?"

Pontien alitabasamu. Swali hilo alilingoja. Aliona nafasi ya kutaja, mbele ya watu wote, usafi wa kijana wake.

"Mwenye hajazaa, unafungua mlango, unakuta nyumba tupu," akasema. "Tuchukue mufano. Kijana wetu Clovis, muko munamujua, bado hajaoa."

Akagusa alama.

Ukutani pakateremka Irankunda. Chini yake Irankunda. Chini yake Irankunda mwingine, na mwingine, wa kiume, wa kike, wa kike, wa kiume, kila mmoja na mwaka wake wa kuzaliwa, mpaka orodha ikagusa kitambaa cha altare. Safu ya majina ya ubatizo ilikuwa mbali upande wa kulia, nje ya ukuta, hakuna aliyeiona. Kilichoonekana ni Irankunda tupu, kundi zima, wote wamepangwa chini ya Clovis kama wanafunzi asubuhi wakingoja kuingia darasani.

Watu wakanyoosha shingo. Kisha mama mmoja wa kwaya akasoma miaka kwa sauti na kusema, "Yesu Maria! Na mapacha iko!"

Hapo ndipo kapela ilipolipuka kwa kicheko.

"Sasa naelewa kwa nini injini za Baraka haziponi!"

"Si injini, ni nyumba anaenda kutazama!"

"Kimya yote ile, kumbe muntu amechoka!"

Clovis, aliposikia kicheko huko nje, alidhani mjomba wake amepata ushindi. Akaacha jenereta, akakimbilia mlangoni akiwa na tabasamu, akaona jina lake ukutani na lile kundi chini yake. Jenereta ikakohoa ikazimika. Ukuta ukawa mweusi, na wale watoto wakatoweka nao, bila mtu kuwakanusha.

Mzee Kizito alivaa kofia yake ndani ya kanisa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Papa Arakaza," akamwambia Pontien, "minye nilidhani ninaoza binti kwa muntu mumoja. Sikujua iko kijiji."

"Mzee, mashine imekosea..."

"Umesema sasa hivi haisahau muntu." Akamtazama Clovis, akamtazama binti yake, akageukia ukuta. "Neno limesemwa hapa mbele ya watu. Kama ni uongo, lifutwe hapa mbele ya watu. Mpaka siku hiyo, musilete muntu kwangu."

Akatoka. Dorine akatoka nyuma yake, na alipopita karibu na Clovis alibana midomo, Pontien asijue kama ni kwa kulia au kwa kuzuia kicheko.

Walirudi Uvira kwa pikipiki ya Clovis, Pontien nyuma, kompyuta kifuani. Walipita Kiliba. Karibu na Kavimvira mzee akasogeza mdomo kwenye sikio la kijana.

"Clovis, minye ni mujomba wako. Niambie kweli, hata kama ni wawili tu."

Clovis akasimamisha pikipiki pembeni mwa barabara. Alivua kofia ya chuma taratibu, akageuka.

"Mujomba, weye mwenyewe umenizalisha, tena kanisani, na sasa unaniuliza mama yao ni nani?"

Pontien akaona aibu. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa ameamini kompyuta ile kwa muda mrefu kuliko alivyopaswa, pengine kuanzia Kiliba hadi Kavimvira.

*

Habari haikuhitaji pikipiki. Kabla ya Jumatano ilikuwa imefika bandarini Kalundu, na wenye boti wakawa wanamwita Clovis Papa wa Watu. Mmoja alimwuliza kama anataka injini kubwa zaidi ya kubebea familia.

Alhamisi alasiri Dorine alishuka kwenye pikipiki ya teksi mbele ya nyumba ya Kilibula, vumbi la barabara ya Ruzizi hadi kwenye nyusi. Generose akampa maji, akampa kiti. Pontien alikaa mezani na kompyuta imefunguliwa, kama mtu anayelinda mgonjwa.

"Papa, Mama," Dorine akasema, "minye namwamini Clovis. Nimemwambia, kama iko na watoto anipe namba za miguu yao nianze kununua viatu. Akacheka. Muntu mwenye makosa hawezi kucheka vile." Akanywa maji. "Lakini baba hasikii kiapo. Baba anasikia ukuta. Na kuna Sylvestre wa Sange."

"Sylvestre gani?" Generose akauliza.

"Mwenye kinu cha mpunga. Tangu Jumapili anakuja kunywa chai kwetu kila siku. Anamsifia baba mpunga, anasifia hata mbuzi. Na Jumapili hii amesema atakuja na wajomba wake. Baba hakukataa."

Pontien alisukuma kompyuta pembeni. Alichukua simu, akampigia Kizito papo hapo, akaeleza kwa heshima zote kwamba ni hitilafu, kwamba atamletea maelezo yaliyoandikwa na kutiwa saini. Sauti ya Kizito ilitoka pole pole. "Papa Arakaza, ukuta ulisema, ukuta ujibu. Jumapili kapela iko wazi." Simu ikakatika.

"Basi tazama kosa liko wapi," Generose akasema. Alivuta kiti karibu. "Acha hao ba Clovis. Fungua kwetu. Nataka kuona Arakaza wangu na wadogo zake."

Pontien akatafuta jina lake mwenyewe, Nsengiyumva, akagusa alama ya kujumlisha. Chini yake ukateremka mstari mmoja: Nsengiyumva, wa kiume, wa mwaka jana tu.

Generose akainamia kioo.

"Papa Arakaza," Generose akasema, taratibu sana. "Huyu wa mwaka jana ni wa nani?"

"Simujui."

"Humujui, na iko chini yako? Vuta huko kuume nione jina la ubatizo."

Pontien akavuta. Lionel.

"Lionel!" Generose akasimama, mikono kiunoni. "Kumbe ndiyo Runingu yenyewe hiyo! Ndiyo suti ya kijivu hiyo! Na Arakaza wangu iko wapi? Minye naitwa Mama Arakaza miaka yote, na mashine yako inasema sikuzaa?"

Dorine alikuwa ameinama, mikono usoni, mabega yanatikisika. "Mama," akasema alipopata pumzi, "Lionel ni wa Claire, jirani yetu pale. Minye namujua. Iko na meno mbili."

"Na jina Nsengiyumva?"

"Walimpa kwa sababu alizaliwa mugonjwa, wakasali, akapona."

Pontien aligeuka akamtazama Dorine. Alirudia maneno yale moyoni: wakasali, akapona. Ndiyo. Nsengiyumva, namwomba anayesikia. Hata yeye mama yake alimpa jina hilo kwa sababu kama hiyo. Akafungua jedwali la Watoto, akashuka nalo mpaka akamkuta Arakaza. Alikuwemo. Alikuwa salama kabisa, ila hakuwa chini ya mtu yeyote, kwa sababu Runingu nzima hapakuwa na mwenye nyumba aitwaye Arakaza.

"Jina kwa jina," akanong'ona. "Nimefunga jina kwa jina."

"Sema tusikie," Generose akamwambia.

"Ule mstari niliovuta kati ya visanduku. Nimeutoa kwenye jina la mukubwa, nikaupeleka kwenye jina la mutoto. Mashine inakwenda kutafuta mutoto mwenye jina sawasawa na la mukubwa, inamweka chini yake. Irankunda kwa Irankunda. Na sisi..." Akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu mpaka miwani ikashuka puani. "Na sisi ni nani anampa mutoto jina lake?"

Kwa watu wa nyumba kama zao, jina la mtoto halikuwa la baba wala la babu. Lilikuwa neno la siku aliyozaliwa: shukrani, ombi, pengine kijembe kwa jirani. Ndugu watano wa tumbo moja walikuwa na majina matano. Na Irankunda, Mungu ananipenda, lilikuwa limependwa sana na akina mama wa miaka hii. Kila aliyejifungua kwa shida alilichukua. Mtu mkubwa mwenye jina hilo katika orodha alikuwa Clovis peke yake. Basi kompyuta ikamkabidhi wote.

"Lakini Kizito walitoka vizuri," Generose akasema.

"Sisi tuliandikwa shuleni," Dorine akajibu. "Katibu wa shule hakutaka majina mengi, akatuandika wote Kizito. Baba alikasirika mwezi muzima."

Pontien akashika kichwa. Kati ya nyumba zote za Runingu, alikuwa amejaribu ile moja iliyoweza kumdanganya.

*

Jioni ileile Olga alipoelezwa, alilazimika kutoka nje ya chumba cha darasa akacheke uani kwanza. Kisha akarudi, akafuta macho.

"Papa Klavye, ni kosa la kitabu changu. Mufano wa kitabu ulitoka Ulaya. Baba, mama, watoto, wote jina moja."

"Minye ndiye nilipaswa kufikiri. Naitwa Papa Arakaza kutoka hapa mpaka Sange, na sikufikiri."

"Mashine haijui undugu, Papa. Inajua kufanana tu. Uipe kitu cha kufananisha chenye hakiwezi kukosea." Akafungua lile dirisha la visanduku, akamwachia kipanya. "Ufute kamba yako."

Pontien akaugusa mstari ule aliouvuta kwa fahari, akaufuta. Ilimuuma kidogo. Olga akamwonyesha kuipa kila nyumba namba yake, isiyofanana na nyingine, na kila mtoto kubeba namba ya nyumba anayolala. Mstari mpya ukatoka kwenye namba ukaenda kwenye namba.

"Na hii nyota ya chini hapa, kwenye mustari mutupu?" Pontien akauliza, maana alikuwa mtu wa kutaka kujua kila kitu kabla ya kufunga.

Olga akamweleza. Akaitia akilini.

Kazi yenyewe ilifanywa Ijumaa na Jumamosi mezani Kilibula. Dorine alipiga simu kutoka Runingu kila alipomaliza kufundisha, Generose akaketi na uji wake wa kikohozi, na majina yakapita. Pontien akisoma, "Irankunda Délice," Generose alijibu, "Délice? Si ndiye Mama Délice yule wa kisima, nyumba ya mabati mekundu?" na namba ikaandikwa. Kila mtoto alijulikana na angalau mmoja wao. Wale Irankunda wa Clovis wakatawanyika mmoja mmoja kurudi kwao, na mapacha aliowaona yule mama wa kwaya wakagunduliwa kuwa si mapacha hata kidogo: mmoja wa nyumba ya huku na mwingine wa ng'ambo ya mfereji, waliozaliwa mwaka mmoja. Clovis alisimama nyuma ya mjomba wake akitazama wanavyoondoka.

"Nilikuwa nimeanza kuwazoea," akasema.

*

Jumapili kapela ilijaa kuliko Pasaka. Waliokuja kusali walikuwa wengi, na waliokuja kucheka walikuwa wengi zaidi. Sylvestre wa Sange alikaa benchi la mbele kati ya wajomba zake wawili, suruali imepigwa pasi hata unaweza kukatia mkate. Mzee Kizito alikaa upande mwingine, kofia magotini. Generose, amepona, alikaa na akina mama. Nje, Clovis alishika ile jenereta kwa mikono miwili; mjomba wake alimwapisha asiiachilie hata kapela ikiungua.

Pontien alisafisha koo.

"Jumapili iliyopita," akasema, "mashine ilinionyesha kile nilichoiambia. Niliiambia vibaya. Leo ninaanza na nyumba yangu, ili kama kuna aibu, inianze minye."

Akagusa alama kando ya Nsengiyumva. Arakaza akateremka, na wadogo zake wote nyuma yake, kila mmoja na jina lake tofauti.

"Hao ndio!" Generose akapiga kelele kutoka nyuma. "Hao minye ninawajua, niliwabeba!"

Kicheko, makofi. Claire akataka kuona wa kwake, akateremshiwa Lionel wa meno mawili, akafurahi. Mama Délice naye. Kila mlango uliofunguliwa ulitoa watu wake, na majina ya ubatizo safari hii yalikuwa mbele, Pontien ameyasogeza mwenyewe. Ilikuwa karibu iwe sherehe, mpaka Kizito aliposimama.

"Nitafinya minye mwenyewe," akasema.

Akaja mezani. Pontien akampisha, akamwekea mkono juu ya kipanya. Kizito alikisukuma kama mtu anayefungua maji ya mfereji wa mpunga, na mshale ukakimbia ukutani huku na huku, watu wakielekeza, "Juu, Mzee! Umepita! Rudi!" Hatimaye ukatua kando ya Irankunda Clovis. Kizito akavuta pumzi. Akafinya.

Alama ya kujumlisha ikageuka ya kutoa. Chini ya Clovis jedwali dogo likafunguka, na ndani yake mlikuwa na mstari mmoja. Haukuwa na jina, haukuwa na mwaka. Pembeni yake palikuwa na nyota ndogo.

Kapela yote ikainama mbele.

"Na huyu asiye na jina," Kizito akauliza, "ni nani?"

"Amefichwa!" Sylvestre akasema kutoka benchi lake. "Jina limefutwa, mahali pake pamebaki!"

Minong'ono ikaanza kupanda. Nje Clovis akasikia. "Wanasema nini?" akapaza sauti, bila kuachilia waya. "Mujomba, wanasema nini?"

Pontien alilegeza tai. Lakini jibu alikuwa nalo.

"Mzee," akasema, "fungua na wa kwako."

"Wa kwangu tuliuona."

"Hatukuutazama mpaka chini. Uufungue."

Kizito akasukuma kipanya tena, akafinya. Dorine akateremka, na wadogo zake, hadi yule wa Bukavu. Na chini yao wote, mwisho kabisa, mstari mtupu na nyota yake.

"Unaona? Kila mwenye nyumba iko nao. Kwangu, kwa Claire, kwa kila muntu. Si mutoto. Ni nafasi. Mashine inaacha mlango wazi chini ya kila jina, ili akija mwingine apate pa kuandikwa."

Kizito akautazama ule mstari wa kwake. Kabla hajasema neno, sauti kali ya mkewe ikatoka katikati ya akina mama.

"Wa kwetu uufute! Minye nimefunga duka!"

Ukuta wenyewe nusura ucheke. Kina mama walishikana, mzee mmoja akadondosha fimbo, katekista akageuza uso kwenye tabernakulo mabega yakimcheza. Wajomba wa Sylvestre walicheka kuliko wote, na Sylvestre, alipoona wajomba wamemtoroka, akatazama pasi ya suruali yake. Kizito alijitahidi. Alikunja uso, akakohoa, akashindwa. Kicheko kilimtoka kwa nguvu mpaka akakaa kwenye kiti cha Pontien.

Alipotulia alirudi kwa Clovis, safari hii bila kuelekezwa, akakaa akitazama jina moja na nafasi moja chini yake.

"Dorine," akaita.

"Baba."

"Nyumba hii ni tupu. Umeiona?"

"Nimeiona, Baba."

"Unaitaka?"

"Ninaitaka."

Kizito akamgeukia Pontien, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akampa mkono, mkono wa pili umeshika kiwiko.

"Papa Arakaza, mulete watu wenu. Na huo mustari wa nyota, mashine isiuguse. Waupitishie hapa kwanza." Akaonyesha altare kwa kofia.

Vigelegele vikajaa kapela. Kutoka nje sauti ya Clovis ilikuwa imekaribia kukauka. "Muniambie basi! Wanasema nini?"

Dorine alikuwa amekwisha kutoka mbio. Hakuna aliyesikia alichomwambia, lakini kila mtu alisikia kilichofuata: jenereta ilikohoa mara moja, ikakohoa ya pili, ikazimika, na ukuta ukawa mweusi, maana aliyekuwa akiishikilia alikuwa na kitu kingine mikononi.

Mama mmoja akavuta kitenge dirishani, mwanga wa mchana ukaingia. Pontien akafunga kompyuta yake polepole, akanyoosha tai, akaenda kumtafuta mkewe.